Usugu wa vimelea dhidi ya dawa: wananchi tumechoka kubebeshwa lawama peke yetu

Wanajukwaa, salaam.

Kila mwaka, kuanzia tarehe 18 hadi 24 Novemba, dunia huadhimisha wiki ya kuelimisha watu kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa, yaani vimelea kuzoea dawa hadi zisiwaue tena, na kila mwaka hapa Tanzania tunaimbiwa wimbo uleule: wananchi waache kutumia dawa kiholela, wananchi wamalize dozi, wananchi wasinunue dawa bila cheti cha daktari. Maneno hayo ni ya kweli, na sina ugomvi nayo. Kinachonikera ni kwamba lawama yote anatwishwa mgonjwa, ambaye ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote, huku anayemuuzia dawa, anayemwandikia dawa bila kumpima na anayelipwa mshahara ili awasimamie hao wawili hawaguswi.

Tuanze na maduka ya dawa. Amoksilini, siprofloksasini na azithromaisini ni antibayotiki, yaani dawa za kuua bakteria, na zote ni dawa za cheti; hakuna mwenye duka asiyelijua hilo. Ingia leo katika duka la mtaani kwenu, useme una mafua na kikohozi. Muuzaji atachukua mkasi, akate vidonge vinne vya rangi mbili, avitie kwenye bahasha ndogo ya kaki, aandike juu yake "1×2", kisha akurudishie chenji. Hatakuuliza kama una mimba, wala kama una mzio, na cheti ndiyo kabisa hatakitaja. Mafua husababishwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi hata ukimeza kopo zima. Wanaokufa ni bakteria dhaifu waliomo tumboni na kooni mwako. Wale wachache walio sugu wanabaki, wanapata nafasi ya kuzaliana bila mshindani, na wanaweza hata kuwapa bakteria wa jamii nyingine vipande vya vinasaba vinavyobeba usugu huo. Wewe utapata nafuu baada ya siku chache kwa sababu mafua huisha yenyewe, nawe utaamini kwamba vile vidonge vinne ndivyo vilivyokuponya, na safari ijayo utaviomba kwa jina.

Maduka ya dawa muhimu yalianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, yakachukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, na wauzaji wake walipewa mafunzo pamoja na orodha ya dawa wanazoruhusiwa kuuza. Mpango ule ulikuwa mzuri na bado nauunga mkono, kwa sababu vijiji vingi havina famasi na mtu hawezi kusafiri nusu siku kutafuta dawa ya mtoto. Lakini sindano ya seftriaksoni, ambayo nayo ni antibayotiki, haimo katika orodha hiyo, na mtaani kwetu inachomwa chumba cha nyuma cha duka, mchana kweupe, kwa mtu yeyote mwenye hela. Sheria ya Famasi, Sura ya 311, ipo. Baraza la Famasi lipo. Wakaguzi wako wapi?

Sasa twende kwenye vituo vya tiba, maana huko ndiko tunakoambiwa tukimbilie. Nani kati yenu hajawahi kwenda na homa akarudi nyumbani na majibu ya "UTI na taifodi", yaani maambukizi ya njia ya mkojo na homa ya matumbo? Hiyo taifodi mara nyingi imetolewa kwa kipimo cha Widal, ambacho hutafuta kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hujitengenezea, kwenye damu na si bakteria wenyewe, kiasi kwamba mtu aliyeugua zamani anaweza kuonekana mgonjwa leo. Hiyo UTI nayo ni chembe za usaha zilizoonekana kwenye mkojo, basi. Kipimo cha kuotesha vimelea, ambacho ndicho kinachotaja bakteria kwa jina na kuonyesha dawa inayomuua, huchukua siku mbili hadi tatu, na katika hospitali nyingi hakipo kabisa. Utafiti uliofanywa katika nchi 14 za Afrika, Tanzania ikiwemo, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2022, ulionyesha kuwa kati ya maabara za tiba zipatazo 50,000, ni asilimia 1.3 tu zilizokuwa zinapima bakteria. Daktari asiye na maabara anabahatisha, na mgonjwa ndiye anayelipia kila anapokosea.

Dada yangu alijifungua kwa upasuaji katika hospitali ambayo sitaitaja. Kidonda kikatunga usaha. Akachomwa seftriaksoni, ikaongezewa metronidazoli, homa haikushuka. Wakabadilisha dawa, wakampa jentamaisini, haikushuka. Hakuna aliyechukua sampuli ya kidonda mpaka ndugu tulipokuja juu. Majibu yalipotoka, karatasi ile ilikuwa na safu ya majina ya dawa, na mbele ya karibu kila jina pameandikwa herufi R, yaani bakteria huyo ni sugu. Dawa zilizobaki na herufi S, yaani zinazoweza kumuua, zilikuwa mbili, amikasini na meropenemu, na meropenemu tukaambiwa hapo haipo, tukatafute nje. Dada yangu alipona, namshukuru Mungu. Lakini hakununua bakteria huyo dukani kwa uzembe wake. Sina shaka alimkuta wodini, kwenye mikono isiyonawishwa na vitanda visivyosafishwa ipasavyo.

Wala tusijifanye kwamba jambo hili ni jipya. Mwaka 2001 na 2002 watafiti walifuatilia matukio 1,828 ya watoto kulazwa Muhimbili wakiwa na dalili za maambukizi makali. Kati ya waliokuwa na bakteria wa Gramu hasi (mojawapo ya makundi makubwa mawili ya bakteria) kwenye damu, asilimia 43.5 walifariki, zaidi ya mara mbili ya asilimia 20.2 ya waliokuwa na malaria, na kupewa dawa ambayo bakteria alikuwa sugu nayo kulionekana wazi kuwa sababu mojawapo ya vifo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Taifa lilipata mpango kazi wake wa kwanza wa kupambana na usugu mwaka 2017. Miaka kumi ilipita bure.

Kuna na suala la kuku. Oksitetrasaiklini inauzwa kwa pakiti katika duka la dawa za mifugo, inakorogwa kwenye maji ya kuku wazima kabisa ili eti watage vizuri, na mayai ya siku hiyohiyo yanapelekwa sokoni bila kusubiri dawa iishe mwilini. Tangu mwaka 2019, TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa, ilipogeuzwa kuwa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, usalama wa chakula ulihamia TBS, Shirika la Viwango, na dawa zikabaki TMDA. Yai lenye mabaki ya dawa ni la nani? Ningependa mhusika yeyote ajibu hapa hadharani, bila kutupia mpira upande wa pili.

Ninachodai si semina nyingine. Kila hospitali ya mkoa itangaze, walau mara moja kwa mwaka, ni bakteria gani inaowaona na ni dawa zipi zimeshindwa, ili sisi tunaotibiwa humo tujue. Kipimo cha kuotesha kifike hospitali za wilaya na kilipiwe na bima bila mizengwe. Duka linalouza antibayotiki bila cheti lifungwe, na jina lake litangazwe kama yanavyotangazwa majina ya wadaiwa sugu. Na kama humu kuna mtu anayefanya kazi katika maabara ya hospitali ya wilaya, naomba atueleze, bila kutaja kituo chake: ni lini mara ya mwisho mlipokea vifaa vya kuoteshea vimelea, na vilikaa muda gani kabla ya kuisha?