VPN ya kazini (njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi) inakata kila baada ya saa moja kamili, halafu mnatuambia "bando lako bovu"?

Wakuu, leo sina salamu ndefu.

Mtandao mbovu hauna saa mkononi. Utakata dakika ya 7, utakata dakika ya 41, kisha utatulia nusu siku. Kinachokata dakika ya 60, kikarudi, kikakata tena dakika ya 60 nyingine, hicho mtu amekipanga. Kwenye OpenVPN, programu mojawapo ya VPN, kinaitwa reneg-sec, na usipokiandika popote kinabaki 3600, yaani sekunde za saa moja. Muda ukifika pande mbili, mteja na seva, zinapatana ufunguo mpya wa kusimba data. Kupatana huko hakupaswi kumkata mtu, maana data inaendelea kupita kwa ufunguo wa zamani mpaka mpya uwe tayari. Ukikatwa, jua kuna kitu kimekataliwa.

Mara nyingi ni OTP. Watu wa IT mmeweka nywila ya mara moja, sawa. Saa ikitimia, programu ya mteja inarudisha zile zile tarakimu sita zilizokwishatumika asubuhi, na seva inazikataa, kama inavyotakiwa! Wekeni verb 4 (kiwango cha undani wa logi), fungueni logi ya seva (kumbukumbu za matukio), tafuteni "TLS: soft reset", na chini yake "TLS Auth Error: Auth Username/Password verification failed for peer". Mistari miwili. Ndiyo mnatuzungusha nayo kwa "zima ruta, washa ruta"?

Dawa inawekwa kwenye seva, siyo kwenye laptop ya mtumiaji:

auth-gen-token 43200
auth-gen-token-secret /etc/openvpn/token.key

Faili hilo linatengenezwa kwa openvpn --genkey auth-token /etc/openvpn/token.key, kuanzia toleo la 2.5. Mteja akiingia mara moja anapewa tokeni (kitambulisho cha muda) ya saa 12, na hiyo ndiyo inayotumwa kila ufunguo unapobadilishwa. Msiruke mstari wa pili: bila huo seva inajitungia siri mpya kila inapowashwa, na tokeni zote zilizotolewa zinakufa.

Na nyie wa "weka reneg-sec 0 kwenye simu yako", mmepotosha wangapi? Mteja akiweka 0, seva yenye 3600 inaanzisha yenyewe kubadilisha ufunguo. Hata kuongeza namba upande mmoja ni bure, kwa sababu iliyo ndogo ndiyo inayotangulia. Mkiweka 0 pande zote, ufunguo mmoja unatumika tangu kuingia mpaka kutoka. Akiupata mtu, kasoma kikao chote.

Kama wanakatwa wengi kwa mpigo na logi inasema "TLS key negotiation failed to occur within 60 seconds", angalieni skripti ya auth-user-pass-verify, ile inayohakiki jina na nywila. OpenVPN 2 inahudumia wateja wote kwa foleni moja. Skripti ikisubiri LDAP (orodha ya watumiaji ya ofisi) sekunde 5, kila mtu anasubiri hizo 5. Seva ikiwashwa upya saa 2:00 asubuhi, watu 40 wanarudi pamoja, na saa 3:00 wote wanadai ufunguo pamoja: sekunde 200, wakati hand-window (muda wa kukamilisha kupatana) ni 60. Tumieni plagini inayohakiki pembeni bila kuzuia foleni. Matoleo mapya ya seva yanatawanya muda kati ya sekunde 3240 na 3600, kwa hiyo mkiona dakika ya 55 msidhani ni ugonjwa mwingine.

Wa IPsec, IKEv2 (aina nyingine ya VPN na itifaki yake ya kupatana funguo): handaki linapanda vizuri, linakufa kwenye rekey (kubadilisha ufunguo) ya kwanza na kosa la NO_PROPOSAL_CHOSEN? Mipangilio ya PFS (ufunguo mpya usitegemee wa zamani) haifanani. CHILD_SA (njia ya data ndani ya handaki) ya kwanza haifanyi Diffie-Hellman (hesabu ya kupatana siri) yake, inatumia ya IKE, ndiyo maana kosa halionekani mwanzoni. Linganisheni kundi la Diffie-Hellman pande zote, kwa mfano modp2048 huku na kule, basi.

Mwenye logi aiweke hapa, afute kwanza IP na majina ya watumiaji. Picha ya skrini yenye neno "Reconnecting" tupu, kaa nayo.