4294967297: Euler aliifikiaje 641?

Baki_Sifuri: Wakuu, naomba msaada. Chukua 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1, unapata 4294967297. Mwaka 1640 mwanahisabati Fermat aliamini ni namba tasa, kwa kuwa zilizotangulia kwenye mfuatano huo (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, jumlisha 1: yaani 3, 5, 17, 257 na 65537) zote ni tasa. Mwaka 1732 mwenzake Euler akaonyesha inagawanyika kwa 641. Mimi nimegawa kwa mkono nikachoka kabla ya kufika 100. Chini ya 641 kuna namba tasa 115! Alizijaribu zote?

Bikari: Hapana, usijitese bure. Tuseme p ni kigawo tasa cha namba yako. Basi 2^32 ukiigawa kwa p baki ni −1 (yaani inapungua 1 tu kugawanyika). Izidishe kwa yenyewe: 2^64 baki ni 1, na hakuna kipeo kidogo zaidi kinachotoa 1. Fermat mwenyewe alishasema 2^(p−1) huacha baki 1. Kwa hiyo p−1 lazima igawanyike kwa 64. Silaha ilikuwa mikononi mwake, hakuitumia. Hilo hunishangaza kuliko kosa lenyewe.

Sasa hesabu kwa hatua za 64, kila mara ukiongeza 1: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Tasa ni 193, 257, 449, 577 na 641. Ruka 257, maana namba za mfuatano huu hazina kigawo cha pamoja. Unagawa mara nne tu, na mara ya nne inatoka kamili: 6700417.

pembe17: Ukishaijua 641, hata kugawa si lazima. 641 ni 5×2^7 + 1, tena ni 5^4 + 2^4. Ya kwanza inasema 5×2^7 huacha −1, hivyo 5^4×2^28 huacha 1. Ya pili inakuruhusu kuweka −2^4 mahali pa 5^4. Unapata −2^32 huacha 1. Kwisha kazi.

Baki_Sifuri: Dah! Asanteni sana. Na 6700417 je, ni tasa?

Bikari: Ni tasa. Baadaye mwanahisabati Lucas aliboresha sharti la p−1, 64 ikawa 128. Kipeuo cha pili cha 6700417 hakifiki 2589, kwa hiyo wa kujaribiwa ni 257, 641, 769, 1153 na 1409 basi. Zote zinaacha baki. Jaribu mwenyewe, ni kazi ya dakika chache.

pembe17: Mtazame na jirani yake, 4294967295. Ni 3×5×17×257×65537, yaani namba tasa zote za Fermat zinazojulikana, zimezidishwa pamoja.

Baki_Sifuri: Na inayofuata, 2^64 + 1? Nijaribu kwa njia hiyohiyo?

Bikari: Njia ipo, ila andaa karatasi. Hatua sasa ni za 256, na kigawo cha kwanza, 274177, kiko hatua ya 1071. Mwanahisabati Clausen alikipata mwaka 1855, na Landry akakipata tena mwaka 1880.