Mkondo wa Kiingereza katika shule ya mtaa: nani atabaki nje?

Mzazi, Mikindani: Ndugu zangu, shule ya serikali ya mtaani kwetu imependekezewa mkondo wa Kiingereza, yaani madarasa yanayofundishwa kwa Kiingereza, utakaochangiwa na wazazi. Je, watoto wa wavuvi na wakulima wa korosho, wanaokaa dawati moja na watoto wa watumishi, hawatatengwa?

Mwalimu, Masasi: Hofu yako ina msingi, kwa kuwa shule za msingi za serikali kwa kawaida hazitozi ada, ilhali mchango, hata ukiitwa wa hiari, huchuja watoto kabla ya mtihani wowote. Darasani kwangu wapo wanaozungumza Kimakua, Kiyao au Kimakonde nyumbani. Kiswahili chenyewe wengine wanakikomazia shuleni.

Mzazi, Lindi: Mwalimu, nakubali nusu tu, kwani sekondari hufundishwa kwa Kiingereza na asiyekijua huumia. Huko Miami, Marekani, shule ya Coral Way ilianza mwaka 1963 kufundisha kwa Kihispania na Kiingereza, ikipokea watoto wa wakimbizi kutoka Kuba na wa wenyeji. Kila upande ulikuwa na lugha ya kumpa mwenzake, jambo ambalo mkondo wetu hauna.

Mzazi, Mikindani: Ahsanteni. Kikaoni nitauliza kwanza nafasi ngapi zitatengewa wasio na uwezo wa kuchangia.