Chuo chetu ni "mshirika wa kimataifa" kwenye bango la getini tu

Wakuu, salaam.

Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa mishahara ya wahadhiri, hayo ni mambo mawili tofauti. Chuo sikitaji, bado nataka kula. Ni cha umma, kiko Tanzania, na ukifika getini utakuta bango lenye bendera za nchi washirika, kubwa kuliko jina la chuo chenyewe.

Tumo kwenye mradi wa Horizon Europe, ule mfuko wa utafiti wa Umoja wa Ulaya uliotengewa awali euro bilioni 95.5 kwa miaka ya 2021 hadi 2027. Wengi wanadhani hela hizo ni za vyuo vya kizungu tu. Hapana. Tanzania iko kwenye kundi la nchi za kipato cha chini na cha kati ambazo taasisi zake zinaruhusiwa kuingia na kulipwa kama mshirika mwingine yeyote. Kwa hiyo msije hapa na hadithi ya kubaguliwa. Aliyetubania yuko jengo la utawala, na chai anakunywa saa nne.

Tulianza kukwama kwenye usajili. Chuo kinatakiwa kiwe na namba yake ya tarakimu tisa kwenye mfumo wa Tume ya Ulaya, na mtu aliyeteuliwa rasmi kukiwakilisha humo. Wa kwetu alishastaafu, na pasiwedi akaondoka nayo. Barua pepe iliyoandikishwa ni yake binafsi, ya Yahoo, kwa hiyo kila ujumbe kutoka Brussels unamfuata shambani kwake. Kumbadilisha ni fomu na saini ya Makamu Mkuu wa Chuo. Fomu hiyo ikaenda kwa mwanasheria, ikarudi masijala, ikapotea, ikaandikwa upya, mpaka mratibu wa mradi akaniuliza kwa upole kama bado tunataka kushiriki. Niliona aibu wakuu.

Basi tukasaini, fungu la kwanza likaingia. Mkadhani sasa kazi inaanza? Vitendanishi vya maabara (kemikali za kupimia) inabidi vipite NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, kama vile chuo kinanunua viti vya ukumbi. Sina ugomvi na NeST, hela ya umma lazima ilindwe. Ugomvi wangu ni na kitengo cha manunuzi kilichokalia maombi yangu kwa sababu hakuna aliyejua aweke kitu hicho kundi gani, na hakuna aliyenyanyua simu kuniuliza. Mzigo ulipofika uwanja wa ndege Dar, barua ya msamaha wa kodi ilikuwa haijaandikwa. Ni vitu vinavyotakiwa kukaa nyuzi 20 chini ya sifuri. Barafu kavu ikaisha, vikaharibika vyote, na hakuna mtu hata mmoja aliyeandikiwa barua ya kujieleza.

Wenzetu wa Ulaya wakafanya ambacho mtu yeyote mwenye tarehe ya mwisho angefanya. Wakasema basi tuleteeni sampuli, tutapima huku. Mkataba wa kuhamisha sampuli (ajabu, huo ulisainiwa haraka) ukapita, sampuli zikapanda ndege. Anayepima ndiye mwenye data, mwenye data ndiye anayeandika makala. Vijana wetu wa uzamili waliotembea vijijini kukusanya sampuli hizo wametajwa kwenye shukrani, chini kabisa, pamoja na dereva.

Halafu kwenye makongamano tunapanda jukwaani kulalamikia ukoloni wa utafiti! Mjusi wa Tendaguru, ile mifupa ya dinosaria, alichimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913 na mpaka leo yuko Berlin, sawa, tumlilie. Lakini yule alichukuliwa wakati tunatawaliwa na Mjerumani. Sampuli hizi za juzi zimeondoka kwa mhuri wetu wenyewe.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Katika mfuko huo, juu ya gharama za moja kwa moja za mradi, taasisi inaongezewa asilimia 25 kwa ajili ya uendeshaji: umeme, uhasibu, mwanasheria, hao hao wa manunuzi. Yaani wanalipwa ili mradi usikwame. NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, imekuwa ikizipa taasisi za nje asilimia 8, na vyuo vikubwa vya kwao zaidi ya 50. Februari 2025 vyuo hivyo vilipoambiwa vishuke hadi 15, vilikimbilia mahakamani. Mei mwaka huo NIH ikatangaza kusitisha utaratibu wa fedha kupitia chuo cha Marekani kwenda kwa mshirika wa nje. Dirisha hilo limetufungia, la Ulaya ndilo tunalolichezea. Na hiyo 25 inakwenda wapi? Niliuliza kikaoni, nikajibiwa kwamba swali hilo si la ngazi yangu.

Najua atakuja mtu na "taratibu za serikali". Taasisi ya Afya ya Ifakara iko nchi hii hii, inaomba vibali kwa COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) kama sisi, na kituo chake cha Bagamoyo kilikuwa kati ya vituo 11 vya Afrika vilivyofanya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia 2009. NIMR nao walikuwa na kituo cha Korogwe. Mtasema Ifakara si chuo, inajiendesha. Ndiyo, ndicho ninachosema! Inajiendesha. Makerere je? Ile ni ya umma, na tangu 2019 ina mfuko wa ndani wa utafiti unaotoka serikali ya Uganda.

Sasa hivi washirika wamependekeza sehemu yetu ya bajeti ihamishiwe chuo kingine kabla ya fungu la pili. Siwezi kuwatetea watu wangu, maana mimi mwenyewe ningefanya hivyo hivyo.

Walioko vyuo vingine vya umma: kuna aliyefanikiwa kupata akaunti ya mradi peke yake, au mtu wa manunuzi aliyekabidhiwa miradi ya nje tu? Mlianzia ofisi gani, na nani alisaini? Nataka niambatanishe kwenye barua yangu wiki ijayo. Wale wa "umekula posho ngapi" wapite tu.