Hadubini ya kuhesabu mayai ya minyoo ya mbuzi, bajeti 25,000: nichukue ipi?

Mama Mbuzi, Ruai
Habari zenu wadau. Nafuga mbuzi wa maziwa huku Ruai, na adui yangu ni minyoo. Nawanywesha dawa wote kila baada ya miezi mitatu, lakini mvua za Aprili zikishika bado nakuta ndani ya kope kumepauka, na mmoja ana uvimbe chini ya taya. Daktari wa mifugo amenigombeza: niache kumwaga dawa ovyo, minyoo wanaizoea, nipime kinyesi kwanza, dawa apewe mwenye mayai mengi. Maabara ya Kabete wanapima vizuri, ila kutoka Ruai mpaka Kabete ni kuvuka mji mzima, na foleni ya Nairobi mnaijua.

Nimeonyeshwa tatu. Ya kwanza ni kakamera ka USB ka kuchomeka kwenye kompyuta, kameandikwa 1600x. Ya pili ni mpya, ya wanafunzi, unachungulia kwa jicho moja, imeandikwa 2000x. Ya tatu ni ya mitumba kutoka Ulaya, chuma kitupu, macho mawili, inafika 1000x tu na bado mwenyewe anataka 32,000! Mbona yenye namba ndogo ndiyo ghali?

Fundi wa Lenzi
Mama, hiyo namba ya x, yaani mara ngapi inakuza, iache kwa muuzaji. Yai la minyoo wa tumbo la mbuzi lina urefu wa mikromita 80 hivi. Lenzi ya chini, ile inayoikaribia slaidi, ikiwa ya 10, na lenzi ya macho ikiwa ya 10, zinakupa 100x, na hapo yai unaliona wazi, ganda na vilivyomo. Kazi yako yote iko hapo.

Sasa fanya hivi: sogeza jicho ubavuni mwa lenzi za chini. Lenzi ya maana imeandikwa namba mbili, kwa mfano 10/0.25, 40/0.65, 100/1.25. Ile ya pili ndiyo inayosema lenzi inakusanya mwanga kwa upana gani, na upana huo ndio unaotenganisha vitu viwili vilivyokaribiana. Ukuzaji wenye faida hauvuki mara 1000 ya namba hiyo. Kwa hiyo hata ile ya 100/1.25, inayotumika na tone la mafuta, inaishia 1250x. Hiyo 2000x mara nyingi wamepachika tu lenzi ya macho ya 20: picha inakuwa kubwa, undani hauongezeki hata chembe. Chini ya namba hizo ukikuta 160/0.17, shukuru. Maana yake urefu wa bomba la hadubini ni milimita 160, unene wa kioo cha kufunikia ni milimita 0.17, na lenzi ya aina hiyo ikiharibika mbadala hupatikana.

Kuhesabu utatumia slaidi ya McMaster, yenye vyumba viwili vilivyochorwa mistari. Gramu 4 za kinyesi, mililita 56 za maji yaliyoshiba chumvi, koroga, chuja, jaza vyumba viwili, subiri dakika chache mayai yaelee. Hesabu yaliyo ndani ya mistari ya vyumba vyote viwili, zidisha kwa 50: hayo ndiyo mayai kwa kila gramu. Mayai huwa yamegandamana na kioo cha juu, kwa hiyo lenga kwenye mistari. Ukiona viputo vya hewa vyenye ukingo mweusi, umefika. Punguza mwanga kidogo, ukizidi mayai yanapotea. Lenzi ya 40 usiijaribu hapo, kioo cha slaidi hiyo ni kinene, itakigonga kabla haijaona kitu. Na ukimaliza, panguza meza ya hadubini, pale slaidi inapokaa. Maji ya chumvi yanakula chuma, nimefungua hadubini za namna hiyo na skrubu zimeshikana kabisa.

Kitu ambacho usikubali kukosa ni hiyo meza iwe yenye skrubu za kusogeza slaidi. Kusukuma kwa kidole utahesabu yai moja mara mbili.

Dogo wa Luthuli
Hako ka USB tunakajua sana sisi wa kutengeneza simu. Mwanga wake unatoka juu, unafaa kuangalia bodi ya simu, au kupe na chawa wa mbuzi wako. Mayai yanataka mwanga utoke chini upenye. Kaache.

Mwalimu wa Bayolojia
Fundi namheshimu, lakini 32,000 kwa mtu wa 25,000? Shuleni tunatumia za jicho moja, na kwa lenzi ya 10 zinatosha kabisa. Atafute yenye meza ya skrubu. Pesa inayobaki inunue slaidi ya McMaster yenyewe, chujio, na mizani inayopima gramu, maana bila hivyo hadubini ni pambo la sebuleni.

Fundi wa Lenzi
Mwalimu, kwa 100x sina ubishi. Ninachotetea ni macho yake: kundi zima kwa jicho moja, jioni baada ya kukamua, utaumwa kichwa.

Mama Mbuzi, Ruai
Nimerudi dukani. Ya wanafunzi imeandikwa 10x peke yake, na slaidi inabanwa na vibanio viwili tu. Ya mitumba ni 10/0.25, meza inatembea vizuri, muuzaji ameshuka mpaka 27,000. Ila naona kama utando mweupe ukichungulia.

Fundi wa Lenzi
Zungusha lenzi ya macho kwa vidole huku unachungulia. Utando ukizunguka nayo, uko kwenye lenzi hiyo, unasafishika. Usipozunguka, chomoa lenzi za macho, umulike ndani kwa tochi ya simu. Ukiona nyuzinyuzi kwenye prisma, vile vioo vya ndani vinavyopinda mwanga, huo ni ukungu. Kuifungua hadubini kuusafisha ni gharama, na pengine ukungu umeshakula kioo. Achana nayo. Halafu angalia macho mawili yanaungana kuwa duara moja. Ukiona mawili, ilianguka. Soma pia kibandiko cha umeme nyuma: hapa stima ni volti 240, na iliyotengenezewa 120 peke yake itaungua siku hiyohiyo.

Zikipita zote, mpe 25,000 mkononi uone kama atakataa.