Mkaguzi ameandika X kwenye dai la kwanza: almasi za nano zenye boroni

Mkemia_Ughaibuni

Wakubwa zangu, shikamooni. Na rika zangu, salamu. Ninasomea uzamivu wa kemia huku Ulaya, na maabara yetu iliwasilisha ombi la hataza katika Ofisi ya Hataza ya Ulaya kuhusu almasi za nano zilizobadilishwa uso kwa ajili ya tiba ya kunasa nyutroni. Kwa asiyeifahamu tiba hii, mgonjwa hupewa dawa yenye boroni-10, na dawa ikishakusanyika kwenye uvimbe, sehemu hiyo humulikwa kwa nyutroni za kasi ndogo. Kiini cha boroni kikiinasa nyutroni hupasuka kuwa chembe ya alfa na lithiamu-7, ambazo husafiri chini ya mikromita 10, yaani upana wa seli moja hivi, kwa hiyo seli iliyobeba boroni hufa na jirani yake husalimika kwa kiasi kikubwa.

Sisi tunatumia almasi zinazotokana na mlipuko, ambazo kila punje yake ina nanomita 4 hadi 5. Tunazivika poligliseroli ili zisigandamane kwenye maji ya chumvi, kisha kwenye matawi ya polimeri tunaning'iniza asidi fenilboroniki. Dai letu la 1, yaani sentensi inayotaja hasa kitu tunachoomba kilindwe, linasema: "Chembe ya almasi ya nano iliyovikwa polimeri yenye matawi inayobeba kampaundi ya boroni, yenye kipenyo cha takriban nanomita 20 hadi 100, inayofaa kwa tiba ya kunasa nyutroni."

Juzi imefika barua ya mkaguzi. Kwenye dai la 1 ameandika X, alama ya hati ambayo peke yake inatosha kulipinga dai, na hati aliyoitaja ni makala ya jarida kuhusu almasi za namna hiyohiyo za kubebea dawa ya kawaida ya saratani. Nimeisoma makala hiyo mara tatu, na neno nyutroni halimo hata mara moja. Je, makala isiyojua lolote kuhusu tiba yetu inawezaje kuua upya wa uvumbuzi wetu? Aidha, amelikataa dai la 9 linalohusu njia ya kumtibu mgonjwa, na analalamika kwamba kipenyo na kiasi cha boroni havieleweki. Tumepewa miezi 4 ya kujibu.

Fundi_Hataza

Ndugu, pole kwa barua, lakini mkaguzi yuko sahihi, na kosa limo katika neno moja tu la dai lenu: "inayofaa". Dai la 1 ni dai la kitu, si la matumizi. Kitu kikiwa tayari kinajulikana, hakiwi kipya kwa sababu wewe umekigundulia kazi nyingine. Sufuria ni ileile ukipikia wali au ukichemshia maji ya kuoga. Mkaguzi hujiuliza swali moja: je, chembe ya kwenye makala ile, ikiletwa leo, ingefaa kwa tiba hii? Ikiwa ina boroni, jibu ni kwamba ingefaa, hata kama mwandishi wake hakuwahi kuota nyutroni. Na nanomita 20 hadi 100 hazikusaidii, kwa kuwa mfano mmoja unaojulikana wenye nanomita 40 unatosha kuuvunja upya wa masafa yote hayo.

Dawa yake imo katika Mkataba wa Hataza wa Ulaya wenyewe. Kifungu cha 53(c) kinazuia hataza kwa njia za kutibu binadamu, ndiyo maana dai la 9 limekataliwa, lakini kifungu cha 54(5) kinaruhusu kitu kinachojulikana kidaiwe kikiwa kimefungwa kwenye matumizi mapya ya kitabibu. Kwa hiyo badala ya "inayofaa kwa" andikeni "kwa matumizi katika njia ya kutibu uvimbe kwa kunasa nyutroni". Kwa msomaji wa kawaida tofauti ni ndogo, ila mbele ya mkaguzi ni kama usiku na mchana. Marekani wangewaruhusu kudai njia ya tiba yenyewe, lakini hapo mlipo hakuna mlango huo.

Upya ukishapatikana, msidhani mmemaliza. Atakuja na hatua ya uvumbuzi, yaani sharti kwamba uvumbuzi usiwe jambo la wazi kwa mtaalamu, atasema kwamba kuitumia boroni kunasa nyutroni ni wazo lililopendekezwa na mwanasayansi Locher tangu 1936, hivyo mtaalamu wa kawaida akiona chembe yenye boroni angeijaribu tu. Je, kwenye makala ile boroni ilikuwa inafanya kazi gani?

Bi_Nyutroni

Naomba nidakie hapo kwa swali la Fundi, kwa sababu ndilo kiini cha mambo. Asidi fenilboroniki hupenda kushikana na asidi ya siali, aina ya sukari ambayo seli nyingi za saratani huwa nayo kwa wingi juu ya utando wake. Mtu anayebeba dawa ya kawaida huweka boroni chache iwe kulabu ya kushikia seli, basi. Ninyi mnahitaji boroni iwe shehena. Kulabu chache haziui seli yoyote hata ukiimulika kutwa nzima.

Tufanye hesabu. Kinachotakiwa kwa kawaida ni mikrogramu 20 hivi za boroni-10 kwa kila gramu ya uvimbe. Boroni ya asili ina takriban asilimia 20 tu ya boroni-10, iliyobaki ni boroni-11 isiyo na kazi hapa. Tuseme chembe zenu zina asilimia 1.5 ya boroni kwa uzito. Kama yote ni boroni-10, mnahitaji miligramu 1.3 hivi za chembe kwa kila gramu ya uvimbe, jambo gumu lakini linafikirika. Kama ni boroni ya asili, mnahitaji miligramu 6.7, na hapo mgonjwa mnamjaza almasi. Sasa dai lenu linasema "kampaundi ya boroni" bila kutaja isotopu, na mkaguzi akisema kiasi hakieleweki, mimi nasimama upande wake.

Kuhusu kipenyo, hali ni hiyohiyo. Hadubini ya elektroni huona almasi vizuri na koti la polimeri huliona kwa shida, tena likiwa limekauka. Kipimo cha mtawanyiko wa mwanga huona chembe pamoja na koti lililovimba majini, na chembe kubwa chache huwafunika wadogo wote. Chupa ileile yaweza kukupa nanomita 15 kwa kipimo kimoja na 50 kwa kingine. Mmepima kwa kipi?

Mkemia_Ughaibuni

Nawashukuru mno. Nimerudi kwenye maelezo ya ombi kama yalivyowasilishwa. Mfano wa 2 unasema wazi kwamba kitendanishi kilirutubishwa kwa boroni-10, na jedwali linaonyesha asilimia 1.5 kwa uzito. Kipenyo kilipimwa kwa mtawanyiko wa mwanga, imeandikwa kwenye aya ya vifaa. Upo pia mfano wa seli zilizomulikwa nyutroni, ambapo seli zilizopewa chembe zetu zilikufa zaidi ya zile zisizopewa. Baada ya kuwasilisha tumepata matokeo ya panya, mazuri kuliko ya seli. Naweza kuyaongeza kwenye maelezo?

Fundi_Hataza

Kwenye maelezo, hapana kabisa. Kifungu cha 123(2) hakiruhusu kuongeza jambo ambalo halikuwamo siku ya kuwasilisha. Yapelekeni kama ushahidi ndani ya barua ya majibu. Bodi Kuu ya Rufaa, katika uamuzi G 2/21 wa Machi 2023, ilikubali kwamba ushahidi wa baadaye haukataliwi kwa sababu tu umechelewa, mradi athari inayotegemewa iwe ni ile ambayo mtaalamu angeipata kutoka katika ombi la awali. Panya wanaweza kuunga mkono hatua ya uvumbuzi. Ila kwa dai la matumizi ya kitabibu, tiba yenyewe lazima iwe inaaminika tangu siku ya kwanza, na hapo ule mfano wa seli ndio utakaowaokoa.

Jambo la mwisho, dada au kaka: mliwahi kubandika bango mkutanoni kabla ya kuwasilisha?

Mkemia_Ughaibuni

Ni kaka. Tulibandika, wiki tatu kabla, lakini lilionyesha koti la poligliseroli peke yake, bila boroni.

Fundi_Hataza

Mmeponea chupuchupu. Japani na Marekani wangewapa miezi 12 ya msamaha kwa kuutangaza uvumbuzi wenu kabla ya kuwasilisha ombi, Ulaya msingepata hata siku moja kwa bango mlilolibandika wenyewe.

Mkemia_Ughaibuni

Rasimu ya dai jipya ni hii: "Chembe ya almasi ya nano iliyovikwa poligliseroli inayobeba asidi fenilboroniki iliyorutubishwa kwa boroni-10, ambapo boroni ni takriban asilimia 1.5 ya uzito wa chembe, kwa matumizi katika njia ya kutibu uvimbe kwa kunasa nyutroni."

Bi_Nyutroni

Ondoa "takriban".