Pikipiki ya theluji imekula mikanda miwili, kosa langu au la klachi?

Mkamba wa Duluth
Wakuu, habari za baridi. Niko Duluth, Minnesota. Kabla ya Krismasi nilinunua pikipiki ya theluji iliyotumika na tayari imekula mikanda miwili, ile ya raba inayotoa nguvu kwenye injini. Wa kwanza ulikatika katikati ya ziwa, ukalia kama bunduki, nikatembea saa nzima hadi barabarani. Wa pili nimeuvua jana: sehemu moja imeliwa ikawa nyembamba kama kiuno cha nyigu, kwingine ubavu unang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Aliyeniuzia anasema mikanda ni feki, lakini huu wa pili ni ule ule ulioandikwa kwenye kitabu chake. Na klachi naitunza, kila Jumamosi naipulizia mafuta isishike kutu.

Fundi Barafu
Hapo kwenye mafuta nimeshika kichwa, mkuu. Klachi hii ni kavu! Puli ya mbele iko kwenye injini, ya nyuma inapeleka nguvu kwenye treki, ule mnyororo mpana wa raba unaokanyaga theluji, na kila puli ni sahani mbili zinazoubana mkanda ubavuni. Kazi yote ni ule mbano. Mafuta yakiingia mkanda unateleza, unachemka, raba inaiva na kung'aa.
Vua mkanda, futa sahani kwa asitoni na kitambaa safi, sugua kidogo kwa sponji ya kijani ya sufuria, pangusa tena. Vumbi jeusi lipulize kwa kompresa, na uvae barakoa. Mkanda mpya uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, uache ukauke kabisa.
Sasa nijibu: usiku unaiegesha wapi?

Mkamba wa Duluth
Nje, nyuma ya nyumba, juu ya theluji. Asubuhi huwa imeganda, basi nabana gesi mpaka ichomoke.

Fundi Barafu
Umejijibu mwenyewe. Treki imeganda, kwa hiyo puli ya nyuma imesimama na mkanda umesimama nayo. Ya mbele inazunguka na kuusugua pale pale. Ndicho kiuno chako cha nyigu. Usijione mjinga, mimi nilichoma wa kwangu hivyo hivyo mbele ya shemeji zangu.
Kabla ya kuondoka, shika kishikio cha nyuma, inua, idondoshe mpaka treki ilegee. Acha injini ipate moto. Jioni iegeshe juu ya vipande viwili vya mbao. Mkanda ukiwa mpya, kilomita 50 hadi 80 za kwanza usibane gesi hadi mwisho. Na mwingine wa akiba ukae chini ya kiti, ziwa halina gereji.

Skuta ya Kariakoo
Kumbe ni mdudu yule yule wa skuta zetu huku Dar! Zangu zilikuwa rola, vile vizito vya mviringo ndani ya puli ya mbele, zimeliwa upande mmoja.

Fundi Barafu
Ndugu wa damu kabisa. Mkamba, ukifuata yote hayo na bado inakula mikanda, angalia kama puli mbili zimekaa sambamba, na raba zinazoshika injini. Zikichoka, injini inavutwa na mkanda unakwenda kombo. Halafu usiwashe bila kifuniko, mkanda ukikatika unaruka vipande vipande.

Mkamba wa Duluth
Vitambaa vitatu vimetoka vyeusi tii, cha nne ndiyo kinaanza kuwa na adabu. Mbao nimeng'oa kwenye kitanda cha zamani, mama watoto bado hajajua.